Laurentine na Theluji ya Harusi

Laurentine alifika kwenye kanisa moja la mji wa Gahanna saa mbili asubuhi, Jumamosi ya Februari 2015. Theluji ya inchi nne ilikuwa imelala kwenye parking yote. Akazima pikapu bila kuishusha plau, lile bapa la mbele la kusukumia theluji.

"Unangoja nini?" akauliza mumewe, Murhula.

Kwa kawaida dereva alikuwa Murhula. Wiki mbili nyuma aliteleza kwenye ngazi akavunjika mkono, na sasa alikuwa amekaa kiti cha abiria, mkono ndani ya plasta, ushauri ukimtoka bila kuombwa.

"Radio inasema itageuka mvua," akajibu Laurentine. "Ile ya kuganda ikifika chini. Nikiondosha theluji sasa, mvua itaangukia lami tupu. Itakuwa kioo. Bon, theluji ibaki kwanza, ikunywe ile maji."

"Na ikikunywa sana? Baridi ikirudi itakuwa sawa zege. Plau haitaingia."

"Njo maana naangalia saa."

Saa tatu vipande vidogo vya barafu vikaanza kugonga kioo, kisha mvua nyembamba. Dada Claris, Mkenya wa Clintonville aliyesimamia kamati ya harusi, akatoka kanisani na rola za nywele kichwani, akamwita Laurentine kwa jina la mwanawe.

"Mama Aksanti! Harusi ni saa nane, na wageni wameshatoka Louisville. Mbona gari imesimama?"

"Ngoja kidogo, dada. Ikigeuka mvua ya kweli, nitasukuma."

"Kidogo gani? Angalia hao wa ng'ambo, walimaliza kitambo. Iko clean kabisa!"

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la mapambo, na kweli parking yake ilikuwa nyeusi, inang'aa. Claris akaamua kwenda huko kununua riboni. Alipiga hatua tatu kwenye lami ile, ya nne akakaa chini. Akajaribu kuinuka, akakaa tena. Alirudi bila riboni, ameshika uzio kwa mikono miwili, nguo imelowa nyuma.

"Sawa," akasema akipita dirishani. "Wewe ngoja tu."

Murhula aligeuza uso upande wa pili ili acheke. Laurentine hakucheka. Hii ilikuwa theluji ya tatu tu kusukumwa na yeye, na akikosea, bibi harusi angeingia kanisani kwa kutambaa.

Kipimo cha joto cha gari kilionyesha thelathini na moja za Farenhaiti, digrii moja chini ya pale maji yanapoganda. Saa nne, thelathini na mbili. Saa tano kasoro, thelathini na nne, na mvua sasa ilikuwa mvua kweli. Laurentine akashuka, akachimba theluji kwa kisigino. Chini yake maji yalikuwa yanatembea, na lami haikuwa na barafu.

"Acha nusu saa tena, iyeyuke yenyewe," Murhula akamwambia.

"Hapana. Upepo umegeuka. Baridi inarudi."

Akaishusha plau. Theluji ile ilikuwa nzito kama uji wa sherehe, ikaruka pembeni na kuchafua ukuta. Alisukuma mistari mirefu, mmoja baada ya mwingine.

Kosa lilikuja mwishoni. Aliirundika theluji juu ya mfereji, maji yakakosa pa kwenda, yakaanza kurudi kuelekea mlango wa kanisa. Laurentine akaruka chini na sepetu. Claris akatoka na nyingine, rola zikiwa zimelegea, wakachimba pamoja mpaka maji yakapata njia yakashuka kwa kelele. Kisha wakamwaga chumvi ya kuzuia barafu.

Saa saba baridi ilirudi kweli. Parking ilikuwa imeanza kukauka.

Wageni wa Louisville walichelewa barabarani, kwa hiyo ndoa ilifungwa saa tisa na nusu. Wote waliingia wakitembea wima. Claris aliwaketisha Laurentine na Murhula mstari wa tatu, buti zao zikidondosha maji kwenye zulia.

"Miye ningesukuma saa mbili," Murhula akamnong'oneza mkewe.

Laurentine hakumsikia. Kwaya ilikuwa imeanza, na yeye alikuwa ameshasinzia, kichwa begani kwa mumewe.