Ovaroli Hii Hailali Humu Ndani

Mimi kiwanda cha vigae vya asbesto sijawahi kukikanyaga. Chenyewe ndicho kilichonifuata nyumbani. Marehemu mume wangu alifanya kazi huko, na kila jioni nilikuwa nakung'uta ovaroli yake mlangoni kabla ya kuifua, vumbi linanijaa usoni kama unga, najiona mke hodari kweli kweli. Sasa yeye yuko kaburini, na mimi nikitandika kitanda tu, nahema.

Daktari wa kifua hakunizungusha. Alisema lile vumbi ni nyuzi ndogo mno, ukishazivuta hazitoki. Zinakaa mapafuni miaka na miaka, mapafu yanaota makovu, yanakakamaa, na hakuna dawa ya kuyarudisha yalivyokuwa. Nililia. Halafu nikakasirika, na hasira hiyo sijaimaliza mpaka leo.

Juzi mwanangu kapata kibarua cha kubomoa paa kuukuu la shule, paa la vigae vile vile. Jioni namkuta mkamwana wangu, na tumbo lake hilo kubwa, kasimama mlangoni na ovaroli ya mumewe, kainua mikono akung'ute.

"Weka chini hiyo."

Nikaimwagia ndoo nzima ya maji, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikafunga fundo.

"Mama, msimamizi kasema ni vumbi tu," mwanangu akalalamika. "Nikileta maneno atanitimua, na mtoto ndiye huyo anakuja."

"Baba yako naye aliambiwa ni vumbi tu."

Kichwa ngumu huyo, asubuhi akaenda kazini.

Nami nikaubeba mfuko wangu nikamfuata, napumzika kila penye kivuli. Vijana wako juu wanavunja vigae vikavu kwa nyundo, pua wazi. Msimamizi je? Kajifungia ndani ya gari, vioo juu, na joto lote lile. Nikagonga. Akashusha kioo kidogo.

"Shikamoo, mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Eti vumbi hili halina neno?"

"Halina neno kabisa. Watu wanapenda kukuza mambo."

"Afadhali. Basi mpelekee mkeo hii, ikikauka aikung'ute."

Nikaanza kulegeza fundo. Akapandisha kioo mbio mbio, nusura kinibane vidole.

Juu ya paa nyundo moja ikanyamaza, halafu zote. Walikuwa wamemwona msimamizi alivyopandisha kioo. Mwanangu akashuka ngazi, akaja akasimama upande wangu wa kioo.