Barua ya Shukrani kwa Mahakama ya Rufaa

"Mimi nikifunga mdomo," kinyozi alijitapa, wembe ukiwa shingoni mwa mteja asiyethubutu kubisha, "hata daktari wa meno hawezi kuufungua."

Na safari hii alikuwa na kila sababu ya kuufunga. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imetoa hukumu katika kesi yake na jirani yake, fundi cherehani. Kesi yenyewe ilihusu dirisha. Duka la kinyozi lilikuwa na dirisha moja tu, upande wa magharibi, na nje yake ndipo fundi alipotundika magauni aliyoshona. Upepo ukivuma, nywele za watu zilitoka dirishani zikaenda kujipumzisha kwenye nguo za maharusi. Bibi harusi mmoja alijikuna kuanzia mlangoni hadi kwenye keki. Fundi akashtaki, akashinda. Kinyozi akakata rufaa, akabwagwa tena. Ila hukumu, kurasa kumi na moja zenye muhuri, ilimalizia hivi: mrufani azibe kwa matofali dirisha la mashariki.

Mashariki hakukuwa na dirisha. Kulikuwa na ukuta, kioo, na kalenda ya mwaka juzi.

Dirisha la magharibi ndilo lililokuwa macho ya duka. Taa ilikuwa moja, nayo iliwaka kwa kununa. Likizibwa, kinyozi angenyoa kwa kupapasa, na wateja wenye masikio mawili wangehamia kwingine ili wabaki nayo yote.

Mkewe aliisoma hukumu mara mbili, akaikunja taratibu.

"Baba watoto, umepona. Fundi mwenyewe hajaisoma mpaka mwisho, anajua tu kwamba ameshinda. Sasa nyamaza. Usicheke, usiringe, hata vumbi la dirisha hilo usilifute."

"Mama watoto, si unanijua?"

"Ndiyo maana nakuambia."

Alinyamaza siku tatu. Ya nne, ulimi ukaanza kumwasha. Ushindi ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kumtambia fundi hakuthubutu. Kuwaambia wateja ni kumwambia fundi kwa mzunguko. Akawaza weee, mwisho akagundua kwamba duniani kote watu pekee wasioweza kumpelekea fundi umbea ni majaji.

Akachukua kalamu.

"Waheshimiwa Majaji, salamu nyingi. Amri yenu nimeitii kabla sijamaliza kuisoma, kwa kuwa dirisha la mashariki halipo wala halijawahi kuwapo. Lile la magharibi, lililotuleta mbele yenu, nitaendelea kulifungua kila asubuhi huku nikiwaombea maisha marefu. Ni mimi mtiifu wenu."

Mkewe alimkuta akipuliza wino.

"Unaandika nini?"

"Orodha ya vitu vya duka."

"Inaanza na 'Waheshimiwa'?"

"Bei ya mafuta ya nywele siku hizi, lazima uyaheshimu."

"Ichane."

Akaichana mbele yake, vipande vidogo vidogo. Yaani, aliichana karatasi iliyokuwa chini ya barua, tupu.

Wiki tatu baadaye, karani wa posta alikuja kunyolewa, akamletea kabisa na bahasha kutoka mahakamani. Kinyozi alimnyoa nusu ya kichwa, uvumilivu ukamwishia, akaifungua.

"Msajili anakushukuru kwa barua yako. Kosa ulilotuonyesha limesahihishwa. Palipoandikwa 'mashariki' pasomeke 'magharibi'. Una siku kumi na nne. Nakala kwa mjibu rufaa."

Mjibu rufaa hakuwa mbali. Fundi alikuwa nje ya dirisha, nakala kwapani, akilipima kwa futi yake ya kitambaa, juu mpaka chini.

"Usijali jirani," alisema, "nakusaidia kujua matofali mangapi."

"Nimesalitiwa!" kinyozi akapiga kelele, kwa sauti iliyomtoa mkewe chumba cha nyuma. "Mahakama imeambiwa! Humu ndani kuna mtu ana mdomo hauna mlango! Mama watoto, tulijua wawili tu, na mimi barua yangu niliichana ukiniona!"

"Nilikuona," mkewe akakiri, akaanza hata kujitilia shaka mwenyewe.

Chini ya shuka la kunyolea, mkono ukainuka polepole.

"Samahani, bwana kinyozi," alisema karani wa posta, nusu ya kichwa iking'aa. "Unasema ile barua ya rejista? Si ulinisimamia pale posta, dirishani pangu, mpaka nikaigonga mihuri miwili, ukasema majaji wajue imetoka kwa mtu mzito?"

Mkewe alikunja mikono. Kinyozi akachukua wembe, akaanza kuunoa ingawa ulikuwa mkali tayari.

"Malizia na upande huu, ndugu yangu," karani akaongeza, akiliangalia dirisha, "kabla matofali hayajafika."