Nyanya za Mama Josepha

Mama Josepha alikuwa na miaka sitini na mitatu alipoamua kulima nyanya Makete, ambako mwezi wa saba nyasi huamka nyeupe kwa baridi na majani laini huungua kama yamepitiwa na moto. Viazi alivijua tangu utotoni. Nyanya hakuwahi kupanda hata mche mmoja.

"Nimechoka kula nyanya zilizochoka njiani," alimwambia bintiye Hyasinta kwenye simu. "Nitafutie nailoni, nizijengee nyumba."

Hyasinta alikuwa na meza ya mboga Kariakoo, mwaka wa tisa huo. Nyanya aliziuza kila siku, ila za kulimwa ndani ya nailoni alizisikia tu kwa wateja. Mchana akamwachia jirani meza, akakatiza hadi Mchafukoge, kwenye duka la mzee Chandu anayeuza maturubai na nailoni kwa mita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unafunika nini?"

"Nyanya za mama. Kwetu kuna baridi sana."

Chandu akairudisha ile nailoni aliyokwishaanza kuikunjua. "Hii ni ya mizigo. Jua litaitafuna kabla nyanya hazijaiva. Chukua hii nzito." Akauliza huyo mama ana umri gani. Alipojibiwa alipima, na mwishoni akaongeza mita moja ya bure.

Mama Josepha alisimamisha mianzi, akaifunika, akapanda miche themanini mwezi wa nne. Ikashika vizuri. Kosa lake lilikuwa kuifungia usiku na mchana, akidhani joto haliwezi kuzidi. Wiki ya tatu maji yalikuwa yanadondoka ndani kama mvua, na majani ya chini yameota ukungu. Aling'oa miche ishirini, na kwa wakati huo hakumwambia mtu.

Tangu hapo akawa anaingia na kigoda chake, anakaa katikati ya matuta. "Nikianza kutoka jasho nafungua pembeni," alimweleza Hyasinta baadaye. "Nikianza kuitafuta khanga ya pili, nafunga."

Baridi yenyewe ilifika mwishoni mwa mwezi wa sita. Asubuhi Hyasinta anapanga mafungu ya bilinganya, simu ikaita.

"Zimekufa," mama yake alisema. "Karibu zote."

Hyasinta alitafuta neno la kumpoza. "Pole, mama. Si umejaribu."

"Sijamaliza kusema. Zilizo karibu na pipa la maji humo ndani ziko hai, zote sita. Pipa linashinda linaota jua, usiku linalitoa lile joto. Nitumie madumu, mwanangu. Mengi."

Hyasinta alidhani ni uchungu unaosema. Lakini alimjua mama yake, na kesho yake akaanza kupita kwa mama lishe na wakaanga chipsi, akiomba madumu matupu ya mafuta. Nyumbani kwake Magomeni aliyasugua kwa maji ya moto na sabuni mpaka mikono ikanuka mafuta siku nne. Yalipofika thelathini na manne akayafunga kwa kamba, akayapeleka stendi.

"Dada, unasafirisha hewa?" konda alimuuliza.

"Ndiyo. Isimwagike."

Makete, mama akayapaka masizi ya jikoni ili yavute jua, akayajaza maji na kuyapanga kando ya matuta. Akapanda upya kwa miche aliyokuwa ameiotesha ndani, kwenye makopo karibu na jiko. Mwezi wa saba wote nyasi ziliamka nyeupe. Miche tisa ilikufa, hamsini ikabaki.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi tenga dogo lilishushwa Kariakoo, limeshonewa kitambaa juu. Hyasinta alilifungua mwenyewe. Nyanya hazikuwa kubwa, lakini zilikuwa ngumu na nyekundu hadi kwenye kikonyo. Alichukua nane akampelekea Chandu, naye akakata moja kwa kisu cha dukani, akaila amesimama.

"Nani alimfundisha?"

"Hakuna. Alikaa humo ndani akaziangalia."

Chandu alitikisa kichwa taratibu. Alifunga zile saba kwenye gazeti, akasema hizi haziachwi dukani, anazipeleka kwa mkewe Nayna.

Hyasinta aliporudi mezani alimpigia mama yake, akamweleza jinsi mzee wa nailoni alivyozifurahia. Alikuwa na maneno mengi aliyotaka kumwambia, kwamba yeye mwenyewe angekata tamaa kwenye ule ukungu wa kwanza. Mama Josepha hakumpa nafasi.

"Achana na sifa. Zigeuze uniangalizie chini. Kuna zenye weusi kitakoni?"

Hyasinta akavuta kigoda, akaketi, akaanza kuzigeuza moja moja.

"Hii safi. Hii safi. Hii ina weusi, mama, kidogo."

"Kiasi gani? Niambie ukweli."