Namba Arobaini na Tatu

Shule yetu ilipotimiza miaka hamsini, kazi ya kuandika historia yake niliangushiwa mimi, kwa sababu moja tu: funguo za stoo ya majalada ninazo mimi. Mwalimu wa historia alisema ana mitihani ya kusahihisha. Mwalimu wa Kiswahili alisema mgongo unamsumbua. Mkuu wa shule akanigeukia mimi, karani wake, na karani haruhusiwi kuumwa mgongo.

Mimi ni mtu wa karatasi, sifichi. Nimekaa nyuma ya dirisha lile la ofisi miaka kumi na tisa, na nimesikia bibi mmoja akifa mara tatu katika muhula mmoja. Mwanafunzi akianza kunieleza jambo, namwambia alete barua. Mdomo hauna muhuri.

Historia yenyewe si ndefu. Shule ilianza katika vyumba viwili vilivyokuwa bohari ya idara ya maji, pale lami ilipoishia, wakati mtaa huu ulikuwa viwanja vitupu vyenye vigingi. Muhula wa kwanza hapakuwa na madawati. Wanafunzi walikalia mabomba ya chuma yaliyoachwa na idara, na mwalimu akiuliza swali, wa mwanzo wa bomba wakijitikisa, wa mwisho wanahisi. Baadaye vikaja vyumba vingine, ukuta, maabara isiyo na gesi, na maktaba ambayo hufunguliwa mkaguzi akija. Mabomba mawili yangali pale chini ya tangi la maji, na ni ya kidato cha nne. Mtoto wa kidato cha kwanza akiyakalia atafua soksi za watu mpaka ajute.

Lakini jambo letu hasa ni mstari wa namba. Ijumaa ya wiki ya pili, kidato cha kwanza wote husimamishwa uwanjani, wavulana kwanza, kisha wasichana, na kila kundi wafupi mbele, warefu nyuma. Mimi napita na rejista nikiandika. Namba utakayopata ndiyo jina lako miaka minne: kwenye dawati, kwenye daftari, ndani ya kola ya shati. Fundi friji wa hapo barabarani ana wajukuu sasa, na waliosoma naye bado wanamwita Kumi na Saba.

Mama yangu alisoma hapa, katika kundi lile la mabomba, na alikuwa na wimbo mmoja. Yeye ndiye mwanafunzi wa kwanza wa shule hii. Alifika kabla ya mwalimu, akakaa kwenye ngazi ya bohari akingoja mtu aje na ufunguo. Nimekua nikiusikia wimbo huo asubuhi na jioni. Nikichelewa kuamka, "Mimi nilifika kabla ya mwalimu." Nikifeli hesabu, vivyo hivyo. Marehemu baba alikuwa akisikia tu "siku ile ya kwanza", anachukua kofia yake na kwenda kuwatembelea jirani.

Mkuu wa shule aliamua kwamba utepe wa jengo jipya utakatwa na mwanafunzi wa kwanza, na picha yake itakaa mwanzo wa kijitabu. "Mtafute, kama bado yupo," aliniambia. Sikuwa na haja ya kutafuta. Nilimwambia mama jioni ileile. Hakuruka wala hakulia, ila kesho yake alikwenda kwa fundi akashonesha gauni la kijani, na kufikia Jumamosi mtaa mzima ulikuwa na habari, mpaka muuza mkaa.

Kisha nikafungua rejista ya mwaka wa kwanza ili nithibitishe, maana ndivyo ninavyofanya kazi. Namba moja alikuwa mvulana. Namba mbili, mvulana. Nikashuka na kidole ukurasa mzima, nikageuza, nikashuka tena. Mama alikuwa arobaini na tatu, wa mwisho kabisa, na chini yake mwalimu amepiga mstari kwa rula.

Niliona aibu, kisha nikakasirika. Miaka yote ile nimesimangwa kwa jambo ambalo halikuwapo. Na naomba nilikiri na hili: ndani ya hasira palikuwa na raha kidogo, ile raha ya kumkamata mtu na barua ya kughushi.

Nilikwenda na rejista nyumbani. Mama alikuwa anaosha vikombe.

"Mama, kitabu kinasema wewe ni arobaini na tatu."

"Ndiyo namba yangu."

"Ndiyo ya mwisho, mama. Wa kwanza ni mtu mwingine." Nikaketi nikamsomea, kuanzia moja mpaka arobaini na tatu, jina kwa jina, kama ninavyowasomea wanafunzi majina ya waliofeli.

Alisuuza vikombe vyote, akavifunika. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya. Kifunge, kisiingie maji."

Tangu siku hiyo wimbo ulikatika. Waliomuuliza habari za sherehe aliwajibu kwamba miguu inamuuma. Gauni lilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango, nami nilipokuwa nikilipita nilikuwa natazama pembeni. Kijitabu kikachapwa na picha ya namba moja, bwana mmoja muuza vipuri vya magari katika mji mwingine, aliyejibu barua yetu kwa furaha.

Siku ya sherehe viti vilipangwa, turubai likafungwa, dada mkuu akasimama na sinia lenye mkasi. Gari la mgeni wetu, yule bwana wa vipuri, likaingia. Mlango ukafunguliwa, na kwa muda hatukuona mtu. Kisha akatokea nyuma ya mlango, suti safi, viatu vinameta, na kichwa chake kikimfikia dada mkuu begani. Ilibidi utepe ushushwe. Watu walicheka kwa adabu na yeye akacheka kuwashinda. Mimi sikuwaza lolote. Watu wafupi wapo.

Mpiga picha akawaita wa kundi la kwanza. Walikuwa wamekuja kumi na mmoja. Hakuna aliyewaelekeza. Wazee wale, wengine na fimbo, wakajipanga wenyewe: wanaume kwanza, kisha wanawake, wafupi mbele, warefu nyuma. Mwisho wa mstari alisimama nesi mstaafu, mrefu kama mlango, na baada yake, mpaka ukutani, ameacha nafasi.

"Mama, sogea ukutani kidogo," mpiga picha alisema.

"Hapa pana mwenyewe. Arobaini na Tatu yuko wapi?"

"Hata mimi nimemtafuta," akasema bwana wa vipuri. "Nilipofika siku ile alikuwa keshafika, kakaa peke yake ngazini. Akaniambia, 'Wewe mfupi, kaa nyuma yangu, mimi wa kwanza.' Huu mkasi ulikuwa wake. Nilidhani amefariki, ndiyo maana nikaitwa mimi."

Nilikuwa nimeshika boksi la vijitabu. Nimepita mstari ule mara kumi na tisa kwa kalamu yangu mwenyewe. Mimi ndiye ninayesema, "Wewe twiga, rudi nyuma." Mama yangu huinama akiingia jikoni kwake. Vyote hivyo nilikuwa navijua, na bado nilisoma kimo cha watu nikadhani nasoma siku waliyofika.

Niliweka boksi chini nikatoka. Kutoka shuleni mpaka nyumbani ni dakika kumi; sijui nilitumia ngapi. Mama alikuwa uani anaanua nguo, anazifikia bila kunyoosha mkono.

"Mama, mlipangwa kwa kimo."

"Kwa kimo, ndiyo. Nilikuwepo."

"Yule mfupi amewaambia watu wote. Anasema ulikuwa wa kwanza. Wamekuachia nafasi yako kwenye picha." Pumzi zilikuwa zimeniishia. "Kwa nini hukuniambia?"

Alikunja shati, mkono mmoja, kisha wa pili, akaliweka juu ya mengine.

"Hukuniuliza, mwanangu. Ulikuja ukanisomea."

Nikamwomba tuondoke, gauni lipo, watu bado wapo, nitamshika mkono njia nzima. Akanitwisha beseni la nguo.

"Wameshapiga picha," alisema, akainama akaingia ndani.