Sonboli Zilizokwama Shingoni

Sonboli za Farangis, maua ya kitunguu ya kupambia Nairuzi, mwaka mpya wa Kiajemi, zilichanua wiki ya mwisho kabla ya sikukuu, na afadhali zisingechanua. Maua yalikwama shingoni mwa kitunguu, mafupi, yamebanwa na majani kama mtu aliyenasa kichwa kwenye kola ya sweta. Farangis alivitazama vyungu pale dirishani mwa jiko, akakosa hata nguvu ya kuona aibu.

Kosa alilijua. Mama yake, Bi Nosrat, alimfundisha tangu utotoni: kitunguu cha sonboli kikishapandwa, chungu kishushwe stoo ya chini, kifunikwe gunia, kilale na baridi ya mji wao wa Hamadan mpaka chipukizi lifikie urefu wa kidole. Ukikihurumia ukakiweka kwenye joto, kitakuumbua. Lakini stoo iko chini kabisa ya ngazi, na Bi Nosrat sasa akili zimemtoka. Ukimpa mgongo tu anafungulia gesi, au anatoka na gauni la kulalia kumtafuta marehemu mumewe. Basi vyungu vilibaki jikoni kipupwe kizima, na Farangis navyo.

Mdogo wake, Manije, alifika kutoka Isfahan asubuhi ya sikukuu. Kila mwaka Manije humwomba amwachie mama akae kwake, na kila mwaka Farangis hujibu kiungwana, "Hata kidogo, mama si mzigo, yuko juu ya macho yangu." Manije husihi tena, Farangis hukataa tena. Kwao huko, atoaye kwa moyo husihi mara tatu, na ya tatu ndiyo hukubaliwa. Manije hajawahi kuifikisha. Mwaka huu Farangis alikuwa ameazimia kukubali mara ya kwanza, liwalo na liwe. Kilichomtisha ni kimoja: huenda ombi lile lilikuwa adabu tupu, na basi angejua kwa yakini kwamba yuko peke yake.

Walitandika kitambaa, wakapanga vitu saba ambavyo majina yake kwa Kiajemi huanza na herufi ya sin: siki, tufaha, kitunguu saumu na vinginevyo. Farangis akaleta sonboli.

"Dada, hizi zimepatwa na nini?"

"Hazikupata baridi."

Bi Nosrat, kitini pake, aliinama akavichungulia vyungu. Kisha akamgeukia Farangis.

"We mtumishi, nani kakwambia uziweke jikoni? Binti yangu akija atakufukuza."

Manije alicheka, kisha akaona dada yake ameketi chini sakafuni, mikono mapajani, hacheki.

"Dada, nipe mama akae kwangu."

"Mchukue."

"Umesemaje?"

"Mchukue. Nimechoka, Manije. Kama ulikuwa unasema kwa adabu tu, sema sasa hivi, nisije nikamfungia nguo zake bure."

Manije alimtazama mama yao, kisha akamgeukia dada yake.

"Chumba chake kipo," Manije alisema. "Tangu mwaka ule baba alipofariki. Nilikipaka rangi mwenyewe. Ukikataa mara mbili nilikuwa nasema, basi, dada anaona simfai mama. Ya tatu nikaogopa."

"Ukaogopa nini?"

"Kwamba utakataa na hiyo."

Farangis alitaka kufurahi, akashindwa. Alifikiria vipupwe vyote vile, mgongo wake unaomuuma, rafiki zake walioacha kupiga simu, na chumba kilichopakwa rangi kikikaa kitupu Isfahan. Hasira ilimpanda hadi machozi yakamtoka, wala hakujua amkasirikie mdogo wake au yeye mwenyewe.

Redioni mzinga ukalia. Mwaka umegeuka. Saa hiyo watu hubusiana, hakuna namna. Farangis akainuka, akambusu mama yake mkono, akambusu Manije mashavu yote mawili, hasira bado imemkaba, kisha akaenda chumbani kufunga nguo za mama.