Mkwe Wangu wa Kundi A

Mkwe wangu Kiyotaka alikuja kuposa hapa mjini Toyama miaka kumi na mbili iliyopita, akasema damu yake ni kundi A. Nikamkubali palepale. Mimi sibabaishwi na sura wala cheo. Naulizia damu tu; kwetu kundi la damu ndilo linalotaja tabia ya mtu. A ni mtaratibu, hupanga viatu vyake mlangoni. B ni mbinafsi, hasikii la mtu. Binti yangu Fumie aolewe na B? Thubutu!

Na kweli, jamaa anapanga viatu mpaka raha. Ninaishi nao, naona mwenyewe.

Juzi yakaja majibu ya vipimo vya kazini kwake. Fumie akayasoma tukiwa mezani: kimeng'enya cha kongosho kimepanda. Mwaka jana Kiyotaka aliapa hatagusa pombe ya sake tena. Akigusa, Fumie anaondoka. Marehemu mume wangu pombe ilianza kumla kongosho, ikammaliza, na Fumie aliyaona yote. Hakupiga kelele. Alikwenda kutoa sanduku lake la safari.

"Fumie, haki ya Mungu sijagusa hata tone!" Kiyotaka akamfuata, vijiti vya kulia bado mkononi.

"Kongosho limekunywa lenyewe, siyo?" nikamwambia. "Maskini, halikukuaga hata."

"Mama, nimemuuliza daktari. Anasema wapo watu wazima wa afya, kimeng'enya hicho kinakuwa juu kidogo kwa sababu ya kundi la damu tu."

"Kundi gani hilo la ajabu?"

"B."

"Wewe si A?"

"Nilisema A kwa ajili yako, Mama. Ungenifukuza hata chai sijanywa."

Loo! Na nilivyomsifia kwa majirani! "Umesikia, Fumie? Nilikwambia nini kuhusu B? Waongo! Miaka kumi na mbili anapanga viatu kinafiki!"

Fumie akamuuliza mumewe: "Kwa hiyo hukunywa?"

"Sikunywa."

Akaliweka sanduku chini, akakaa juu yake, akalia. Kisha akanigeukia.

"Mama, baba alikuwa kundi gani?"

"Supu inapoa," nikasema.

"Mama."

"A," nikasema. "A tupu."

Nikajidai nakwenda mlangoni kupanga viatu. Nikakuta vimeshapangwa, na vyangu pia.