Msalaba wa Guntari

Katika ufundi wetu ipo sheria moja: msalaba wa dhahabu wa kushonwa kwenye sanda haufuliwi mpaka maiti imeoshwa. Nimefua misalaba hiyo miaka arobaini hapa kando ya mto Natiso, na sheria hiyo nimeivunja mara moja tu.

Teudo alinijia na mvua. Baba yake, Guntari, alikuwa siku ya tisa na homa, hamezi hata mchuzi. Akaniwekea mezani kipande cha dhahabu kilichofunika ncha ya mkanda wa baba yake, kilichochongwa wanyama waliosukana shingo. Babu yao alikivaa siku watu wetu walipovuka milima kuja huku.

"Fua msalaba wake, mzee. Jioni hataiona."

Nilipaswa kuuliza kama amekwisha kufa. Lakini kufua dhahabu mpaka iwe nyembamba kama ganda la kitunguu ni kazi ya kutwa, mabega yalikuwa yananiuma, nami nilitaka iishe. Nikayeyusha, nikafua, nikakata msalaba, nikatoboa pembeni matundu ya uzi.

Siku nne baadaye Guntari aliingia karakanani kwa miguu yake mwenyewe, amekonda, mkanda unamning'inia kama kamba ya ng'ombe.

"Fundi, kesho kutwa ni baraza. Nipe ncha yangu. Nikienda bila hiyo watasema Guntari amekwisha, nafasi apewe Teudo. Viatu vyangu ameshavijaribu."

Nikamwonyesha msalaba. Akaketi juu ya gogo la fuawe.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo."

"Yote?"

"Yote. Naweza kuiyeyusha tena, ila wale wanyama siwezi kuwarudisha. Aliyejua kuwachonga alikufa zamani. Kosa ni langu, ndugu yangu. Sikuuliza kama umekufa."

"Ungemuuliza nani? Mimi mwenyewe nilikuwa sijui."

Akashuka, akalala chali sakafuni pale pale, akauweka msalaba usoni, mahali utakaposhonwa. Ukatetemeka kwa pumzi zake. Nimeitengeneza mingi, na sikuwahi kuuona hata mmoja ukitetemeka.

"Mwepesi," alisema. "Uache hivyo hivyo. Nimechoka, fundi, na wewe umechoka. Nipigilie shaba."

Nikampigilia ncha ya shaba, tupu, isiyo na mnyama hata mmoja.

Barazani macho yote yalimshuka mpaka kiunoni. Teudo alikuwa amesimama karibu na nafasi ya baba yake, karibu mno. Aduini, aliyepigana vita pamoja na Guntari, ndiye aliyesema.

"Guntari, huko ulikokwenda walikupokonya?"

"Hapana. Nimetanguliza mizigo."

Wazee wakacheka, wakasogea kwenye benchi, naye akakaa mahali pake. Teudo akarudi nyuma.

Msalaba umo sandukuni mwangu. Kila Jumapili Guntari hupita kuutazama, nami kabla sijafungua kifuniko humwuliza kama amekufa.

"Bado," hujibu, kisha huketi juu ya gogo apumzike.